Kabla ya Kuuza Kiwanja kwa Ajili ya Mashine ya Ubongo

Ukiwa na mzazi au jjajja (bibi au babu) anayepotewa na kumbukumbu, iko siku ndugu aliyeko Boston au Dubai atakutumia video kwenye simu. Mzee ameketi kwenye kiti cha kuegemea, kifaa chenye umbo la namba nane kimewekwa juu ya kichwa chake, kinagonga tak-tak-tak, na maandishi ya chini yanasema ugonjwa wa kusahau sasa una tiba isiyo ya kisu wala ya vidonge. Jioni hiyohiyo ukoo unaanza kupiga hesabu. Tumpeleke Nairobi? Tumpeleke India? Na kile kiwanja cha Wakiso kinalipa nini?

Makala hii nawaandikia wanaopiga hesabu hiyo, na nasema wazi tangu mwanzo ninakosimama. Tiba ya kuchochea ubongo bila upasuaji si uganga. Ina sayansi nyuma yake na baadhi ya majaribio yake yanatia moyo. Lakini kwa ugonjwa wa kusahau bado haijafikia kiwango cha kuuziwa kiwanja. Tena hapa Kampala yapo mambo yanayopaswa kutangulia, na baadhi yake yanaweza kumrudishia mzee akili yake kwa fedha ambazo hata nauli ya ndege hazifiki.

Tuanze na mashine yenyewe, maana anayeielewa hadanganywi kwa urahisi. Aina iliyochunguzwa zaidi hutumia sumaku. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake katika mji wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya waya ikipitishiwa umeme mkali kwa muda mfupi mno huzaa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu bila kuchubua hata ngozi. Nguvu hiyo inapopanda na kushuka ghafla, huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya ubongo, na seli za neva zilizo chini ya koili zinaitikia. Mapigo hayo yakirudiwa kwa mpangilio, siku baada ya siku, mawasiliano kati ya seli yanaweza kuimarika, kama njia ya nyasini inavyotokea kwa kupitwa kila siku. Ukali wa sumaku hiyo unakaribia ule wa mashine ya MRI, ila unalenga eneo dogo na hauzami zaidi ya sentimita mbili tatu. Hapo pana kikwazo. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya na ambayo ugonjwa wa Alzheimer huishambulia mapema, imelala ndani zaidi ya hapo. Kwa hiyo watafiti huchochea maeneo ya juu yenye mawasiliano nayo, wakitarajia kwamba athari itasafiri hadi ndani.

Aina ya pili hutumia umeme wenyewe, tena kidogo sana: miliampea 1 hadi 2, kupitia sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, kwa dakika 20 au 30. Mgonjwa husikia mwasho chini ya sponji, basi. Umeme huo haulazimishi seli kufanya kazi. Huzifanya tu ziwe nyepesi zaidi au nzito zaidi kuitikia. Zipo pia njia za taa zinazomweka mara 40 kwa sekunde na za mawimbi ya sauti, ambazo ni changa kuliko hizo mbili.

Neno moja kwa wazee wetu, kwa sababu nimeona hofu yao. Wakisikia umeme na kichwa vinatajwa pamoja, wengi hufikiria hospitali ya wagonjwa wa akili na mtu kufungwa kitandani. Tiba ya degedege la umeme, iliyoanzia Roma mwaka 1938, ni kitu kingine kabisa. Ile hukusudia kuleta degedege, na siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Bado inawaokoa watu wenye sonona kali. Hii tunayoizungumzia hufanywa mgonjwa akiwa macho, anaongea, na akitoka hapo anarudi nyumbani kula chakula chake.

Sasa ushahidi. Ulio karibu nasi unatoka kwenye mto uleule unaoanzia Jinja. Katika Chuo Kikuu cha Assiut, Misri, kundi la watafiti akiwemo Profesa Eman Khedr liliwatibu wagonjwa 45 wa Alzheimer kwa sumaku kwa siku tano mfululizo, wakiwa wamegawanywa makundi matatu: mapigo ya kasi, mapigo ya polepole, na tiba bandia ambayo kifaa kinagonga bila kuchochea chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliopata mapigo ya kasi walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili, na nafuu hiyo ilidumu kwa miezi mitatu. Walionufaika ni wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mwepesi au wa kati.

Miaka kumi baadaye Giacomo Koch na wenzake wa Taasisi ya Santa Lucia, Roma, walitoa matokeo ya jaribio la wiki 24 kwa wagonjwa 50. Walichochea eneo la nyuma ya utosi, karibu kila siku kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa wiki hadi mwisho. Waliotibiwa kwa kweli walibaki karibu pale walipoanzia. Waliopewa tiba bandia waliendelea kushuka. Ukiwa na mama ambaye kila mwezi anapoteza jambo jingine, kubaki pale alipo ni zawadi kubwa, nami siidharau hata kidogo. Lakini tazama tena jinsi matokeo yalivyo. Hakuna aliyerudi kuwa kama alivyokuwa miaka mitano nyuma. Wagonjwa walikuwa hamsini tu. Na muda wenyewe ulikuwa nusu mwaka, kwa ugonjwa unaokaa na mtu miaka mingi.

Yako pia matokeo ambayo matangazo hayayataji. Kampuni moja ya Israeli, Neuronix, iliunganisha sumaku na mazoezi ya akili katika mashine moja. Mashine ikapata alama ya kuruhusiwa kuuzwa Ulaya. Ilipofikishwa Marekani, jopo la washauri wa mamlaka ya dawa na chakula lilikaa Machi 2019, likapitia takwimu, na halikuridhika kwamba inawasaidia wagonjwa wa Alzheimer. Basi ukionyeshwa alama ya CE kwenye kifaa, jua kinachothibitishwa zaidi ni usalama wake na utengenezaji wake. Kama kinatibu alichonacho mama yako ni swali jingine. Vivyo hivyo, ukiambiwa kuwa Marekani imeidhinisha tiba ya sumaku tangu 2008, hilo ni kweli, ila iliidhinishwa kwa ajili ya sonona iliyoshindikana kwa dawa. Muuzaji akiulizwa kuhusu kusahau akajibu kwa kibali cha sonona, umeshamjua.

Nimekaa sana kwenye mashine. Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa moyo wangu wote naona ndilo linalopaswa kufanywa kwanza: kujua kwa nini mzee wako anasahau. Majaribio ya kutibu kusahau niliyoyataja yalifanywa kwa watu ambao ugonjwa wao ulishajulikana ni Alzheimer. Huku kwetu watu wengi hawajawahi kupimwa chochote. Familia inasema ni uzee, jirani anasema karogwa, na kati ya maneno hayo mawili mwaka unapita.

Kampala yenyewe ina somo kubwa kuhusu hili. Miaka ya mwanzo ya 2000, madaktari wa Mulago na Makerere, wakiwemo Noeline Nakasujja, Seggane Musisi na Elly Katabira, walifanya kazi na Ned Sacktor wa Johns Hopkins kutafuta kipimo cha kugundua akili inayodhoofishwa na virusi vya ukimwi. Kipimo kilichokuwapo wakati huo kilimtaka mtu ajue Kiingereza. Wao wakatengeneza kingine, kilichochapishwa mwaka 2005, ambacho kinahitaji mkono na masikio tu. Unaambiwa maneno manne uyashike. Unagonga kidole gumba na cha shahada haraka uwezavyo kwa sekunde tano. Unafuata mpangilio wa ngumi, kiganja na ubavu wa mkono. Kisha unaulizwa yale maneno manne. Alama ni 12, na anayepata 10 au chini anahitaji kuchunguzwa zaidi. Kilijaribiwa hapa na Marekani, kikafaa kwa pande zote mbili. Utafiti wao mwingine wa Kampala, wa mwaka 2007, ulikuta kwamba kati ya watu 78 wenye virusi waliochunguzwa kliniki, asilimia 31 walikuwa na demensia inayotokana na virusi hivyo. Na watafiti haohao walionyesha kwamba wagonjwa wakianza dawa za kufubaza virusi, akili zao hupata nafuu.

Naomba usome sentensi hiyo ya mwisho tena ukimfikiria mjomba wa miaka 58 aliyeanza kupotea njia ya kwenda Nakasero. Wapo wazee ambao hakuna aliyethubutu kuwashauri wapime virusi, kwa heshima ya umri wao. Heshima hiyo inaweza kuwagharimu akili. Kipimo hakilipiwi katika vituo vya serikali, na dawa pia.

Virusi ni sababu moja tu kati ya nyingi zinazotibika. Mzee aliyeanguka bafuni au aliyegongwa na bodaboda, hata kama hakuzimia, anaweza kuvuja damu polepole chini ya fuvu, na wiki kadhaa baadaye akaanza kusinzia, kuchanganyikiwa, kuburuta mguu mmoja. Picha ya CT huonyesha damu hiyo, na daktari wa upasuaji akiitoa mtu anaweza kurudi kuwa yule mliyemjua. Ukosefu wa vitamini B12 hufifisha kumbukumbu, na wanaotumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi wamo hatarini zaidi. Tezi ya shingo ikizembea, mtu huwa mzito wa mwili na wa fikra. Kaswende ya zamani isiyotibiwa hufika ubongoni. Sonona ya uzeeni, hasa baada ya kufiwa na mwenzi, humfanya mtu akae kimya, asijali, asijue leo ni siku gani, na wote wakadhani ni demensia. Kwa huyo, dawa na mazungumzo humsaidia, na ndiye ambaye, dawa zikishindwa, tiba ya sumaku ina ushahidi imara wa kumfaa.

Halafu fungua lile kopo la dawa la nyumbani. Piriton na dawa nyingine za mafua na usingizi za jamii hiyo huvuruga kumbukumbu za wazee, na zinauzwa kila duka la dawa kutoka Kawempe hadi Katwe bila mtu kuulizwa umri. Nimezoea kuwaambia watu wabebe dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, wazimwage juu ya meza ya daktari. Dakika kumi za kazi hiyo nazithamini kuliko vipimo vingi vya bei.

Ikiwa mabadiliko yamekuja kwa siku mbili tatu badala ya miezi, usisubiri kitu. Homa ya malaria, mkojo wenye maambukizi, nimonia, sukari iliyoshuka, kiharusi: hayo ni ya hospitali leo, siyo ya mkutano wa familia Jumapili.

Kwa kusahau kunakoenda polepole, nenda kwanza kituo chochote chenye daktari na maabara, ueleze, uombe vipimo nilivyotaja pamoja na shinikizo la damu na sukari, kisha uombe rufaa kwenda idara ya neva au ya magonjwa ya akili, Mulago au kwingineko. Nenda na mtu anayeishi na mzee, maana mtoto anayekuja mara moja kwa mwezi hajui mengi. Andika kabla ya kwenda: lini mlianza kuona, kipi kilianza, usahaulifu au mwendo au tabia, na nini alikuwa akifanya mwenyewe mwaka jana ambacho sasa hawezi. Daktari anahitaji hayo kuliko picha yoyote.

Tuseme mmefanya yote, na jibu likabaki kuwa Alzheimer au demensia ya mishipa ya damu. Kabla ya kurudi kwenye mashine, sikiliza kilichofanyika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko watafiti wa Tanzania na Uingereza, akiwemo Stella-Maria Paddick, walichukua tiba ya kuchangamsha akili iliyobuniwa London na Aimee Spector na wenzake, wakaigeuza ifae wazee wa vijijini ambao wengi hawakusoma, wakaiendesha kwa Kiswahili. Ni mikutano 14 ya kikundi kidogo, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2017, yalikuwa ya watu 34, nao ni wachache kama wale wa Roma na Assiut. Lakini akili zao ziliboreka, wasiwasi ulipungua, na vifaa vilikuwa viti, mpira na vitu vya nyumbani. Uingereza tiba hii imo katika mwongozo rasmi wa taifa wa kutibu demensia nyepesi na ya kati, heshima ambayo sumaku haijaipata.

Namna inavyofanyika unaweza kuifuata hata kwenye ua wa Nakulabye. Wakusanye wazee wanne au watano wa mtaa, hata kama ni mmoja tu anayejulikana kuwa mgonjwa. Saa ileile, mahali palepale. Anzeni kwa wimbo mmoja mnaoujua wote, na kila mtu aitwe kwa jina lake na heshima yake: Hajji, Ssebo, Mama Nakato. Kisha kila siku iwe na jambo lake. Siku ya chakula, leteni ndizi za matooke, wamenye, wabishane jinsi ya kufunga majani. Siku ya sauti, wekeni Afrigo, bendi iliyopo tangu 1975, muone nani anasimama kucheza. Siku ya mchezo, omweso. Siku ya mambo ya zamani, mtajeni mwanariadha John Akii-Bua na medali yake ya dhahabu ya Munich mwaka 1972, kisha nyamazeni mwaache wazee waseme.

Siri ya tiba hii iko katika namna ya kuuliza. Mgonjwa asifanyiwe mtihani. Ukimuuliza jjajja, "Unakumbuka huyu ni nani?" umemwekea mtego mbele za watu, na akishindwa mara tatu atakataa kuja tena. Muulize anaonaje: "Jjajja, matooke ya zamani na ya siku hizi, yapi matamu?" Hapo hana namna ya kukosea. Rai hudumu muda mrefu kuliko tarehe na majina, na mtu anayeulizwa rai yake hukaa wima kwenye kiti. Hilo nimeliona mara nyingi, na kila mara linanigusa.

Pamoja na hilo, tibuni yale yanayokula ubongo taratibu. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo, yangeshughulikiwa katika maisha yote ya mtu, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Kwa mzee wa Kampala nayatazama haya mapema: shinikizo la damu, kisukari, masikio, macho. Mzee asiyesikia hujibu ovyo na kuonekana amechanganyikiwa. Wakati mwingine ni nta tu imeziba sikio. Mwenye mtoto wa jicho hajui anayemsalimu ni nani. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni jambo la siku moja, na upo hapahapa mjini.

Nimeyasema hayo kabla ya kurudi kwenye mashine kwa sababu fedha za familia ni zilezile. Posho ya wazee ya serikali, kwa waliotimiza miaka 80, miaka ya karibuni imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Zinazobaki zinatoka kwenye mifuko yenu, na zinatakiwa pia kumlipa msaidizi wa nyumbani, kununua nepi za watu wazima, na kumpa dada anayelala chumba kimoja na mama nafasi ya kupumzika hata siku moja kwa wiki.

Kama bado mnaitaka, au mmepewa nafasi ya kuingia kwenye utafiti, haya ndiyo ya kuuliza. Swali la kwanza ni kama mnauziwa tiba au mnaalikwa kwenye utafiti. Utafiti wowote wa watu hapa Uganda lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ombeni kuonyeshwa barua. Katika utafiti, huenda mzee akaangukia kundi la tiba bandia, na hilo lielezwe kabla ya kutia saini. Mkiombwa ada ya kushiriki, ondokeni. Kama ni tiba ya kulipia, muulizeni daktari amesajiliwa wapi, na aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi wa familia, anatarajia nini kwa mgonjwa huyu.

Halafu ni usalama. Swali la chuma kichwani huulizwa kwa haraka kliniki, na huku kwetu linahitaji subira. Wapo wazee waliopita vita vya Luwero, na wengine vita vya kaskazini, wanaoishi na vipande vya risasi au bomu ambavyo hawajawahi kuvisimulia. Wapo waliowekewa chuma baada ya ajali. Kipande kidogo karibu na koili kinaweza kusogea au kupata joto. Kama kuna shaka yoyote, picha ya eksirei itangulie. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo na kipandikizi cha sikio navyo vinazuia tiba hii. Aliyewahi kuwa na kifafa, au kiharusi, aseme, maana sumaku inaweza, kwa nadra, kuleta degedege. Hatari hiyo huongezeka kwa asiyelala usiku, anayetumia tramadol, na aliyeacha waragi ghafla baada ya miaka ya kunywa. Mambo ya waragi hayasemwi mbele ya wakwe; tafuteni namna ya kumwambia daktari faraghani. Na masikio yazibwe wakati wa tiba, kwa kuwa ule mlio wa koili ni mkali kuliko unavyosikika kwenye video.

Vifaa vya kuvaa kichwani vinavyouzwa mtandaoni vya umeme mdogo, msivinunue. Mwaka 2016 watafiti wa fani hiyohiyo waliandika barua ya wazi kuwaonya wanaojiwekea umeme wenyewe nyumbani: athari hutofautiana mtu na mtu, kuongeza muda kunaweza kugeuza matokeo, na kuchochea eneo moja hugusa na mengine. Hao walikuwa wakiwaonya watu wenye afya. Mzee mwenye demensia hawezi hata kukwambia sponji imekauka na ngozi inaungua.

Pimeni pia safari. Tiba ya sumaku huanza kwa kwenda karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Kutoka Gayaza au Mukono, kwenye foleni ya asubuhi, na mtu anayeogopa kelele za stendi ya taksi na kusahau kila siku anapelekwa wapi, safari yenyewe inaweza kumvuruga kuliko tiba inavyomtuliza. Mwulizeni na mzee mwenyewe. Mgonjwa wa mwanzo wa demensia bado anaweza kukubali na kukataa, na anapofika mahali pa kuvua kilemba au kitambaa mbele ya mgeni, neno lake liheshimiwe. Akikataa leo, msimlazimishe kesho kwa kumwambia mnakwenda harusini.

Mkiamua kuendelea, wekeni siku ya kusimama kabla ya siku ya kuanza. Chagueni mambo matatu ya maisha yake halisi: kwa mfano kuvaa mwenyewe, kutaja majina ya wajukuu wa nyumbani, kulala usiku bila kutangatanga. Yaandikeni yalivyo sasa, kwa tarehe. Mtafuteni mtu ambaye hakuchangia fedha, shangazi au jirani mwaminifu, awe ndiye wa kuangalia baada ya wiki sita, kwa sababu aliyelipa huona nafuu hata isipokuwapo. Asipoona tofauti, mlipeni daktari mnachodaiwa, mrudisheni mzee nyumbani, na fedha zilizobaki mpeni yule anayeamka naye usiku.